Megapikseli sawa, bei mara kumi na mbili: kwenye kamera ya kitaalamu unalipia nini hasa?

Saa tano usiku, ujumbe wa WhatsApp ukaingia kutoka kwa mdogo wangu: "Dada shikamoo. Ile kamera nimeipata. Jamaa anaiuza, imetumika kidogo tu. Mama amekubali tuweke hati ya kiwanja tuchukue mkopo." Chini yake kulikuwa na picha ya Canon EOS R3, kamera nyeusi, nene, yenye mkono wa kushikia hadi chini.

Kwa kuwa nasoma fizikia, nyumbani wanaamini najua kila kitu chenye betri. Nimeshaulizwa kuhusu friji, redio na king'amuzi. Mara nyingi nacheka tu. Safari hii sikucheka, maana kile kiwanja mama amekinunua kwa miaka sita ya kuuza vitenge.

"Kwa nini hiyo na si nyingine?" nikamuuliza.

"Dada, hiyo ndiyo ya maprofesheno. Kwenye harusi watu wanaangalia umeshika nini."

Nikamwomba siku mbili. Makala hii ndiyo niliyomwandikia, nimeinyoosha kidogo ili na wewe ikusaidie, iwe unataka kununua kamera au unataka tu kujua ndani ya lile boksi kuna nini.

Kwanza, namba

Nilichukua kamera mbili za kampuni moja ili tusibishane juu ya majina. Ya kwanza ni hiyo R3, iliyotangazwa Septemba 2021. Ya pili ni Canon EOS R100, iliyotangazwa Mei 2023, kamera ya mtu anayeanza. Zote ni kamera zisizo na kioo. Maana yake ni kwamba zimeondolewa kile kioo cha ndani ambacho kamera za zamani zilikitumia kurusha picha kwenye kitundu cha kuchungulia. Humu mwanga unapita kwenye lenzi na kwenda moja kwa moja kwenye kihisi, nawe unachokiona ni skrini.

Zilipoingia sokoni Marekani, R3 bila lenzi iliuzwa dola 5,999. R100 bila lenzi iliuzwa dola 479.99. Gawanya: bei ya moja ni mara 12 na nusu ya nyingine.

Sasa angalia megapikseli, ile namba ambayo kila muuzaji anakutajia kwanza. R3 ina megapikseli 24.1. R100 ina megapikseli 24.1. Hujasoma vibaya, ni namba ileile.

Mdogo wangu alidhani nimekosea kunakili. Sikukosea. Kama megapikseli ndizo zingekuwa ubora, hakuna mtu mwenye akili timamu angenunua R3. Kwa hiyo swali linabaki: zile dola 5,500 za ziada zimekwenda wapi?

Ndoo na mvua

Kihisi ni kipande cha silikoni chenye vijisehemu mamilioni vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli inakusanya fotoni, yaani chembe za mwanga. Fikiria uwanja uliopangwa ndoo milioni 24 wakati mvua inanyesha. Mvua ikikatika unapita kupima kila ndoo imepata maji kiasi gani. Hiyo ndiyo picha.

Tofauti ya kamera zetu mbili iko kwenye ukubwa wa uwanja. Kihisi cha R3 kina milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Cha R100 kina milimita 22.3 kwa 14.9. Eneo la kwanza ni milimita za mraba 864, la pili kama 332. Kubwa ni mara 2.6 ya dogo. Idadi ya ndoo ni ileile, kwa hiyo ndoo za R3 ni pana zaidi: kila pikseli ina upana wa mikromita 6, wakati ya R100 ina 3.7 hivi.

Ndoo pana ina faida gani? Mvua haidondoki kwa mpangilio. Ukiweka vikombe viwili pembeni kwa pembeni, kimoja kitapata matone 9 na kingine 12, ingawa mvua ni moja. Fotoni nazo ziko hivyo hivyo. Hesabu yake ni rahisi: kama pikseli ikitegemewa kupata fotoni 100, itapishana na hiyo 100 kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha 100, yaani 10. Hiyo ni asilimia 10. Ikitegemewa kupata fotoni 260, itapishana kwa 16, yaani asilimia 6 tu.

Kupishana huko ndiko tunakoita chenga, zile punje unazoziona kwenye picha iliyopigwa gizani. Haziji kwa sababu kamera ni mbovu, ni tabia ya mwanga wenyewe. Dawa yake kubwa ni moja: kusanya mwanga mwingi zaidi.

Kwenye jua la mchana kila pikseli inapata maelfu ya fotoni, na chenga za kamera zote mbili huzioni. Ndiyo maana picha ya ufukweni saa nne asubuhi, ukiitazama kwenye simu, huwezi kujua imetoka kwenye kamera ipi. Ukumbini usiku mambo yanabadilika. Hapo R3 inakuwa na faida ya mara 2.6. Ukipiga kwa ISO 6400 kwenye R3, chenga zako zitakaribiana na za R100 iliyowekwa ISO 2500.

Faida hiyo ipo kweli na inaonekana. Ila ikumbuke hiyo namba, 2.6, maana tutairudia.

Lenzi ndiyo dirisha

Watu wengi wakinunua R100 huipata na lenzi ya milimita 18 hadi 45. Ukiivuta hadi 45, tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3. Namba hiyo ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu, kwa hiyo 45 gawanya kwa 6.3: tundu lina milimita 7 hivi. Mwanga wote wa ukumbi, maharusi, keki na shangazi wanaopiga vigelegele, unaambiwa upite kwenye tundu la milimita 7.

Canon hiyohiyo ina lenzi ndogo ya RF milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ilipotoka iliuzwa dola 199. Tundu lake ni milimita 28 hivi. Ukitaka kujua mwanga unaofika kwenye kihisi umeongezeka mara ngapi, gawanya 6.3 kwa 1.8 kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata 12.25.

Soma tena. Kihisi kikubwa kinakupa mara 2.6 kwa maelfu ya dola. Lenzi ya dola 199 inakupa mara 12. Pale ambapo lenzi ya kwanza ingekulazimisha uweke ISO 6400, hii inakuruhusu uweke karibu 500.

Na kwa kuwa kamera zote mbili zinatumia mlango uleule wa lenzi, lenzi utakayoinunua leo kwa ajili ya R100 itaingia kwenye R3 siku utakapoweza kuinunua. Mwili wa kamera unazeeka na bei inashuka, lakini lenzi nzuri unahama nayo.

Kwa haki, nikitie na hasara zake. Lenzi ya f/1.8 ina fokasi nyembamba: bibi harusi akiwa safi, bwana harusi nyuma yake anaweza kuwa ukungu. Haina ukuzaji, kwa hiyo ukitaka picha pana urudi nyuma kwa miguu yako. Na kwenye kihisi kidogo cha R100 inaona pembe finyu, kama lenzi ya milimita 80 kwenye R3. Kwa nyuso ni nzuri sana, lakini kupiga ukoo mzima wa watu 40 ndani ya sebule haifai.

Kasi ya kusoma

Hapa ndipo pesa nyingi ya R3 ilipo, na ndipo wauzaji wengi hawaelezi.

Rudi kwenye uwanja wetu wa ndoo. Mvua imekatika, sasa mtu anapita kupima, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Hawezi kupima ndoo zote kwa wakati mmoja. Kwenye kamera nyingi za kuanzia kazi hiyo inachukua milisekunde 20, hata 30 na zaidi. Ni muda mfupi kwako, lakini si kwa kitu kinachokimbia. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, ndani ya milisekunde 30 linasogea nusu mita. Kwa hiyo mstari wa juu wa picha umeliona gari likiwa hapa, mstari wa chini umeliona likiwa nusu mita mbele. Nguzo zinalala, pangaboi linageuka ndizi.

Kamera inakwepa tatizo hili kwa kutumia shata ya chuma, pazia linalofunguka na kufunga kwa kasi mbele ya kihisi. R100 inayo, na inafika 1/4000 ya sekunde. Lakini pazia lina kelele, na lina kikomo cha kwenda haraka.

Kihisi cha R3 kimejengwa kwa tabaka. Juu kuna pikseli, zikiwa zimegeuzwa ili nyaya zikae nyuma zisizibe mwanga. Chini yake kuna saketi za kusoma kwa kasi. Ni kama vile badala ya mpimaji mmoja umeweka kikosi cha wapimaji chini ya ndoo. Matokeo yake, R3 inaweza kupiga picha 30 kwa sekunde bila pazia na bila sauti, huku ikiendelea kufuata fokasi. R100 inapiga 6.5 kwa sekunde, na ukitaka fokasi imfuate mtu anayesogea, kasi inashuka zaidi.

Hiyo ina maana gani uwanjani? Chukua mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata ya R100, mpira umesafiri karibu mita 4. Kwa R3 umesafiri sentimita 83. Anayekaa nyuma ya goli siku ya Simba na Yanga, ambaye gazeti linasubiri picha ya mpira ukiwa umegusa kichwa, ana sababu ya kulipa. Anayepiga keki ikikatwa hana sababu hiyo. Keki haikimbii.

Kuna mahali pamoja ambapo hata mpiga picha wa harusi anaguswa na jambo hili: taa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi zinang'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini kihisi kinachosomwa polepole kinaona, na picha inatoka na mistari ya giza na mwanga kama pundamilia. Dawa ya bure: acha shata ya kimyakimya, tumia ya chuma, na uiweke 1/100 au 1/50. Hapo kila sehemu ya picha inapata mdundo mzima wa taa. Zile taa za rangi za jukwaani zina midundo yake, kwa hiyo piga picha za majaribio kabla maharusi hawajaingia.

Fokasi: jaribu na kidole chako

Inua kidole mbele ya uso. Funga jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kinaruka. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo, na ubongo unatumia ule mruko kujua umbali.

Kamera zote mbili zinafanya hivyo. Kila pikseli imegawanywa nusu mbili, moja inaona mwanga wa upande wa kushoto wa lenzi, nyingine wa kulia. Picha mbili zisipolingana, kamera inajua fokasi imekosewa upande gani na kwa kiasi gani, na inasogeza lenzi. Msingi wa kanuni ni mmoja, kwa hiyo usiambiwe kwamba kamera ya kuanzia "inabahatisha". R100 inatambua uso wa mtu na inafanya kazi nzuri kwa mtu aliyesimama.

Tofauti iko kwenye akili na kasi. R3 inatambua watu, wanyama na magari, inamshika mtu hata akigeuka, na inaendelea kuona kwenye giza zaidi. Kwa bibi harusi anayeingia akicheza, katikati ya moshi na taa za zambarau, R3 itakupa picha nyingi zilizo safi. R100 itakupa baadhi, na wewe itabidi umsubiri asimame.

R3 pia ina kihisi kinachoelea kwenye sumaku, kinachosogezwa kinyume na mtetemo wa mkono wako. R100 haina. Lakini usichanganye mambo: kifaa hicho kinatuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi anayecheza. Kupiga jengo usiku bila stendi kinasaidia mno. Kupiga watu wanaoserebuka, hakisaidii.

Jambo moja ambalo ujuzi hauliponyi

Hadi hapa unaona ninakoelekea: mengi unaweza kuyapata kwa lenzi, kwa mpangilio, kwa uvumilivu. Lakini liko moja siwezi kulificha.

Harusi ya dada yetu mkubwa ilipigwa picha na fundi mzuri. Kamera yake ilikuwa na nafasi moja ya memori kadi. Ile kadi ilikufa kabla hajaihamisha. Tulibaki na picha za simu. Bibi yetu alikuwa amevaa kanga mpya siku ile, amekaa mbele kabisa, na mwaka huohuo akafariki. Picha yake ya kanga ile hatuna. Fundi alirudisha pesa, na alilia kuliko sisi.

R3 ina nafasi mbili za kadi, na unaweza kuiagiza iandike kila picha sehemu zote mbili kwa wakati mmoja. R100 ina nafasi moja. Hapa hakuna lenzi wala ujanja wa mwanga utakaokuokoa. Unachoweza ni kupunguza hatari: badilisha kadi baada ya kanisani au msikitini, tena kabla ya chakula, na tuma picha muhimu kwenye simu kwa Wi-Fi wakati watu wanakula. Hatari inapungua, haiishi.

Ila nafasi mbili za kadi hazianzii dola 5,999. Canon EOS R7, iliyotoka 2022 kwa dola 1,499, inazo, na kihisi chake kinaelea pia. Kwa hiyo hata mtu mwenye sababu nzito ya kupanda daraja, daraja hilo si lazima liwe la juu kabisa.

Tulivyoamua

Nilimpigia simu badala ya kuandika. Nikamuuliza: kwenye harusi tatu ulizopiga kwa kamera ya kuazima, ni picha zipi ulizikosa, na kwa sababu gani? Akafikiria. "Nyingi zilikuwa na chenga," akasema. Lenzi ilikuwa ipi? Ile ya 18 hadi 45. Nyingine? "Nilichelewa, nilikuwa nimekaa pabaya." Hakutaja hata moja iliyokosekana kwa sababu kamera haikupiga picha 30 kwa sekunde.

Tumekubaliana hivi. Atanunua kamera ya kuanzia, lenzi ya 50 ya f/1.8 na memori kadi tatu, kwa akiba yake na nyongeza yangu kidogo. Akipata harusi ya kulipwa, kwanza atakodi kamera yenye nafasi mbili kwa siku hiyo, na gharama ya kukodi ataiweka kwenye bei anayomtajia mteja. Akiona anakodi kila wiki, hapo hesabu zenyewe zitamwambia anunue, na atakuwa na daftari la kumwonyesha mama.

Hakufurahi sana. "Watu wataniona na kakamera kadogo," akasema. Sikuwa na fizikia ya kujibu hilo, maana ana haki: wateja wanaangalia umeshika nini. Nilimwambia tu kwamba wanaangalia siku moja, albamu wanaiangalia miaka arobaini.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujalipia kamera, jiulize maswali matatu. Ninachopiga kinakimbia? Nitapiga gizani, na kama ndiyo, nimeshanunua lenzi? Nikipoteza picha hizi, kuna wa kunisamehe? Majibu hayo yatakupeleka kwenye kamera yako haraka kuliko megapikseli.

Hati ya kiwanja iko kabatini kwa mama, chini ya vitenge.